Glovu za Kushukia Usangu

Asubuhi Uyole ina meno.
Ukungu umelalia mabati,
pikipiki inakohoa mara tatu ndipo ikubali,
na mimi, Gwamaka, mpeleka mikanda na beringi
za mashine za mpunga kule Ubaruku,
navaa soksi mikononi.
Soksi ndefu za shule, za mdogo wangu.
Cheka tu. Zimenivusha baridi miaka miwili.

Baada ya Igurusi mambo hugeuka.
Baridi inarudi nyuma
kama mbwa aliyefika mwisho wa kijiji chake,
na pale Chimala jua linakushika bila hodi.
Soksi navua. Kiganja kitupu kinavuja jasho,
mkono wa mafuta unaniteleza kama kambare,
naufuta kwenye suruali, naushika, unateleza.

Jumamosi nikaenda Mwanjelwa
kwa Tusubilege, muuza mitumba ya mikono tu:
mikono ya wachomeleaji, ya makipa, ya watu wa theluji,
imelaliana juu ya turubai
kama darasa linalojua jibu.

"Hizi. Ngozi ya ng'ombe. Hazifi."
Nikavaa. Vidole vikaanza kuiva
kama viazi kwenye hotpoti,
na hapo ni Mbeya, saa tatu, mawingu tele.
Je, Rujewa saa saba?
"Basi hizi, vidole vimekatwa, upepo bure,
vijana wa kijiwe wananing'ang'ania."
Nikataka kusema ndiyo.
Nikamkumbuka Lugano.

Lugano alianguka Inyala, mwendo wa baiskeli,
kokoto kidogo, oili ya lori kidogo.
Mkono ndio hufika chini kwanza.
Kabla ya goti. Kabla ya kelele.
Hakuna anayeutuma; unakwenda wenyewe
kuupokea mwili kama mgeni mwenye mizigo.
Viganja vilipona. Vinang'aa sasa kama nailoni.
Anashika jembe, anashika kikombe,
ila mtoto akichemka usiku
humwamsha mkewe:
hebu mguse wewe,
mimi sijui kama ni moto.

Tusubilege hakuuliza kwa nini nimenyamaza.
Akazamisha mkono hadi kwapani kwenye lundo,
akaibuka na jozi nyembamba, rangi ya majivu,
moja imefifia kuliko mwenzake.
Kiganjani ngozi ya mbuzi, imeshonwa mara mbili
pale chini, panapopiga lami.
Mgongoni kitambaa cha matundu madogo madogo.
"Glovu hainunuliwi kwa macho," akasema.
Nikapuliza: pumzi ikatokea upande wa pili.
Nikakunja ngumi: mshono haukuniuma.
Nikafunga utepe kifundoni, nikavuta: haikutoka.
Akatupa sarafu ya mia juu ya turubai.
Nikaiokota nikiwa nimevaa.

"Elfu thelathini."
"Kumi na tano."
"Mkono mmoja?"
Tukakutana ishirini na mbili,
na ile mia akaidai.

Sasa Uyole bado ina meno,
na matundu hayajui kubagua upepo,
kwa hiyo soksi navaa juu yake, sina aibu.
Chimala nazivua, nazisokomeza kifuani,
na jua linakuja, na hewa inakuja nalo,
jasho linakauka kabla sijalijua,
na mafuta yananisikiliza hadi Ubaruku.

Jioni nikizivua, vumbi la Usangu
limenichora nukta mgongoni mwa mkono,
mistari kwa mistari, kama ungo.
Suma hajaanza shule. Anaushika mkono wangu,
anaupakata, anahesabu nukta kwa kidole:
tisa, kumi, kumi na mbili,
anafika kumi na tisa, anarudi kumi na tatu.
Simsahihishi.
Kiganja, huku chini, kinasikia
joto la paja lake dogo. La kawaida tu. Halina homa.